Kumfundisha mtoto saa ya mishale: anza na mkia wa mshale mfupi

Mshale mfupi uko kwenye 7, na sisi tunamtaka mtoto aseme "saa moja". Anaona saba, atamke moja. Watoto wengi wanaoambiwa hawajui saa wanazisoma namba zote vizuri. Wanakwama hapo tu, na hapo ndipo tunapopita haraka. Nafundisha madarasa ya chini hapa Mwanza, na sehemu hii naipa muda kuliko nyingine zote.

Wapo wanaofundisha kwa hesabu: saba toa sita, moja. Inakwenda vizuri asubuhi nzima, kisha mchana inavunjika. Mshale ukiwa kwenye 1, sita haitoki; sasa inabidi kujumlisha. Mtoto wa darasa la pili akumbuke lini anatoa na lini anajumlisha, huku bado anahesabu kwa vidole? Mimi njia hiyo siitumii.

Chukua kipande cha boksi, weka sahani juu yake, chora duara, kata. Andika 12 juu na 6 chini, 3 na 9 pembeni, halafu jaza zilizobaki. Sasa kata mshale mfupi uliopitiliza katikati, uwe na kichwa upande mmoja na mkia upande wa pili, na mkia uupake rangi nyekundu. Ubane katikati kwa waya. Kichwa kikigusa 7, mkia unagusa 1. Kichwa kwenye 1, mkia kwenye 7: saa saba mchana. Hakuna kutoa wala kujumlisha, mtoto anasoma penye rangi.

Mshale mrefu usiuweke bado. Wiki za mwanzo mshale mfupi unatosha peke yake, maana mkia ukiwa katikati ya 1 na 2 mtoto mwenyewe atakwambia ni saa moja na nusu.

Watoto huuliza kwa nini tunasoma upande wa pili, na wanastahili jibu. Saa zetu zinahesabiwa tangu kunapokucha, na karibu na ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, saa kumi na mbili kila kimoja. Ila mtoto wa Mwanza atakubishia, na ana haki: saa kumi na mbili asubuhi huku bado giza. Nchi nzima inafuata majira yaleyale ya saa, sisi tuko magharibi, na jua la Dar es Salaam hututangulia kwa karibu nusu saa. Mwambie hivyo hivyo, ataelewa.

Mshale mrefu ukifika wakati wake, usiwe na mkia kabisa. Hili nalisisitiza sana. Dakika hazisomwi upande wa pili, na mtoto aliyezoea mkia atauona mshale mrefu kwenye 3 akatafuta 9, robo ikageuka kasorobo. Anza na "na nusu", fuatia "na robo". Kasorobo ije mwisho, kwa sababu inamtaka mtoto ataje saa ambayo haijafika: kwenye saa mbili kasorobo mkia mwekundu unaikaribia 2 lakini haujaigusa. Mwache ausogeze mwenyewe taratibu hadi uguse. Dakika tano tano zisubiri mpaka ajue kuhesabu kwa tano bila kusita.

Kila saa aitaje na wakati wake. Saa kumi na moja alfajiri mitumbwi ya dagaa inarudi kutoka ziwani. Saa kumi na moja jioni watoto wako uwanjani. Mishale imekaa vilevile.

Anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza hahitaji saa nyingine: darasani asome kichwa, nyumbani asome mkia. Na simu ya mzazi ikiandika 13:00, kwanza atoe 12, apeleke kichwa kwenye 1, ndipo atazame mkia. Hilo la simu mimi huliacha hadi darasa la tatu.