Barua ya Charles: usimchambue mhusika ukauacha msuko nje

Kila nikisahihisha majibu ya fasihi nakutana na kitu kilekile. Swali linataka mhusika achambuliwe kwenye kipande cha riwaya, mwanafunzi anaandika Zakaria, baba yake Rosa kwenye Rosa Mistika, ni mlevi, mkali, katili, halafu anaruka mstari anaanza kusimulia hadithi upya toka mwanzo, yaani sifa ziko huku na msuko, ule mfululizo wa matukio, uko kule utadhani ni vitabu viwili. Inaniuma kwa kweli, maana mtoto kitabu kakisoma.

Chukua hiyo riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, pale Zakaria anapoikamata barua ambayo kijana Charles kamwandikia Rosa. Anampiga binti kipigo kibaya sana. Sasa usikimbilie kuandika "katili", tulia hapohapo ujiulize huyu mzee anaogopa nini? Mi namsoma hivi: pombe imeshamla heshima yake, kitu alichobaki nacho cha kuonyesha kwamba na yeye ni baba ni kuwabana mabinti. Halafu geukia upande wa Rosa, swali ambalo wengi wanalisahau, kipigo kile kinamfundisha nini? Kinamfundisha kuogopa wanaume, hakimfundishi kuwajua wala kuchagua. Ndo maana sekondari mwanzoni anawakwepa kabisa, na akishazoea kuwa mbali na macho ya baba anajikuta hana kipimo chochote cha kwake, anaenda tu, mpaka chuo cha ualimu Morogoro mambo yameshaharibika. Na Charles wa ile barua ndo huyohuyo anayekuja kumkataa mwishoni kwa sababu si bikira, Rosa anajiua.

Kuna jaribio moja nawapa wanafunzi: mtoe Zakaria, weka baba mpole anayekaa na binti wakaongea kuhusu ile barua. Hadithi inasimama? Haisimami, kila kinachofuata kinakosa sababu. Basi hapo umeshapata cha kuandika, tabia ndo inayousukuma msuko, ushahidi uko kwenye tendo na sio kwenye orodha ya sifa.

Juzi binti mmoja akajibu swali hilo kwa sentensi moja tu, kwamba Zakaria alimficha Rosa asiwajue wanaume, kwa hiyo Rosa hakujua yupi wa kumkataa. Nikampa maksi zote.