Rejeta ndogo ya gari la mashindano: unene unadanganya

Dereva mmoja wa rali alinishushia Subaru Impreza ya taabo (mashine inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini) hapa gereji, Arusha, boksi likiwa limefungwa mkanda kwenye kiti cha navigeta. Ndani kulikuwa na rejeta ya alumini inayong'aa kama sufuria ya bibi harusi. "Fundi, hii ni fupi ila nene. Mabomba ya intakula yatapita pembeni bila shida." Intakula ni kipoza hewa inayotoka kwenye taabo.

Nikachukua futi kamba. Ya zamani ilikuwa sentimita 68 kwa 34, unene milimita 26. Hiyo mpya, 45 kwa 34, unene 42. Ukizidisha vyote vitatu, mpya inaizidi ya zamani kidogo, na hapo ndipo wengi hunaswa. Lakini uso unaokutana na upepo umeshuka kutoka sentimita za mraba 2,312 hadi 1,530. Theluthi nzima imeondoka.

Upepo ukigusa mirija ya mbele unakuwa bado wa baridi, kwa hiyo unabeba joto jingi. Ukifika nyuma umeshapata moto, na safu hizo za nyuma hazina wa kumpa mzigo. Halafu rejeta nene ni ngumu kupenya. Upepo una tabia za mbuzi: ukiacha upenyo kwenye uzio, getini hauonekani. Utazunguka pembeni mwa rejeta, utapita juu, utapita chini, injini ibaki inachemka.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Injini ya farasi 200 ikikanyagwa hadi mwisho inaweza kumwaga kwenye maji joto linalokaribia kilowati 100, sawa na birika 50 za umeme zinazochemka kwa mpigo. Sisi wa Arusha tunaongezewa adhabu ya mwinuko. Kwenye mita 1,400 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko Dar es Salaam. Taabo inaikandamiza hewa hiyo, kwa hiyo nguvu za injini hazipungui sana, lakini rejeta haina taabo. Inapata hewa ile ile nyepesi. Maji nayo, yakiwa wazi, huchemka huku kwetu kwenye nyuzi 95 hivi. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta uliochoka siuvumilii: ule wa shinikizo la bar 1.1 ukiwa mzima unasukuma kiwango hicho hadi karibu na nyuzi 120.

Kabla ya kuamua, huwa nazima taa za gereji na kumulika tochi nyuma ya rejeta. Ile yake nene ilipitisha mwanga kidogo sana, mapezi (vile vibati vyembamba kati ya mirija) yamebanana mno. Kwenye lami ya nchi za watu pengine inafaa. Kwenye vumbi la Monduli, au njia za mashamba ya miwa kusini mwa Moshi, mapezi ya namna hiyo yanaziba kabla hujamaliza siku. Nachagua yenye nafasi, hata kama kwenye karatasi ya muuzaji yanaonekana dhaifu.

Tulichofanya ni hiki: tukabaki na upana wote, tukailaza rejeta ikainamia mbele. Uso haukupungua, kimo kikashuka, mabomba yakapita juu yake. Fundi bati akakata alumini ya kuongoza upepo kutoka kwenye bampa, na mianya iliyobaki tukaiziba kwa vipande vya godoro. Msicheke. Kazi ya godoro lile inazidi ya feni ya bei mbaya, maana gari likishika kasi feni haina msaada mkubwa.

Shaba inapitisha joto vizuri kuliko alumini, na ikitoboka fundi yeyote wa rejeta anaiziba kwa risasi ya kuyeyusha. Alumini inataka mtu mwenye mashine ya kuchomelea ya argoni. Kwa mashindano bado nachukua alumini, kwa sababu ya uzito.

Kwenye majaribio nikapima paipu ya juu na ya chini. Angalizo kwa wenye vipimajoto vya kumulika: alumini inayong'aa inavidanganya, vinasoma chini ya ukweli. Bandika kipande cha selotepu nyeusi, upime juu yake. Maji yakiwa ya moto sana na tofauti ya juu na chini ikawa ndogo, shida iko kwenye upepo. Tofauti ikiwa kubwa mno, maji hayazunguki vya kutosha, kagua pampu. Na tafadhali, rudisheni themostati, ile vali inayofunga na kufungua njia ya maji kwa joto. Eti ukiitoa injini inapoa zaidi! Nimeshafungua silinda hedi za kutosha kwa ajili ya ushauri huo.

Ile nene bado imeegemea ukuta wangu. Kama una gari dogo lisilo na taabo, njoo uione, ila njoo na futi kamba.