Bibi anayeogeshwa naye anajitegemea

"Huyu bibi hawezi kukaa kwenye nyumba zile, hajitegemei. Hata kuoga anaogeshwa." Kauli hii nimeisikia kwenye kikao cha mtaa, nimeisikia kwa ndugu wa wagonjwa, na nimeisikia hata kwa watu wanaotafuta fedha za kujenga nyumba hizo hizo, nyumba za wazee na watu wenye ulemavu kuishi kwa kujitegemea. Safari hii nimeona niandike, maana dhana hii ikieleweka vibaya kuna mtu anayenyimwa chumba kwa sababu yake.

Maana kwanza, kwa haraka. Kuishi kwa kujitegemea, kwa mzee au mtu mwenye ulemavu, ni kuishi mahali alipopachagua, na watu aliowachagua au peke yake, yeye mwenyewe akiamua siku yake iendeje, na akipata msaada wa kutekeleza alichoamua. Nyumba zinazoendeshwa kwa dhana hii bila faida ni nyumba za kupanga. Zinaendeshwa na taasisi ambayo wanachama na viongozi wake hawagawani ziada, na ziada yoyote inarudi kwenye nyumba.

Najua tunakolitoa kosa. Dalali wa Sinza au Mbezi hapa Dar es Salaam akikwambia nyumba "inajitegemea", ana maana ina fensi yake, luku yake na choo chake, na hakuna wa kuchangia naye. Tena sisi sote ni watoto wa Azimio la Arusha la mwaka 1967, tuliofundishwa kwamba anayejitegemea hula jasho lake na hanyoshi mkono kwa mwingine. Maana hizo mbili ni halali mahali pake. Ukizichukua ukampimia bibi wa miaka 78 mwenye magoti mabovu, unatafuta mtu asiyehitaji mtu, na huyo hayupo hata miongoni mwa vijana. Mimi na wewe tunapikiwa, tunafuliwa, tunaendeshwa kwenye bajaji, tunatengenezewa bomba na fundi, na hakuna kikao kinachokaa kujadili kama tunafaa kupangishwa.

Dhana yenyewe ilitoka kwingine kabisa. Mwaka 1953, huko California, kijana wa miaka 14 aitwaye Ed Roberts aliugua polio. Alibaki amepooza kuanzia shingoni, akiweza kusogeza vidole viwili vya mkono mmoja na vichache vya mguu, na usiku alilala ndani ya mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua. Mwaka 1962 alianza masomo katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Hakukuwa na bweni lililoweza kuipokea mashine ile, hivyo akapewa chumba katika hospitali ya chuo. Wanafunzi wengine wenye ulemavu mkubwa wakamfuata, wakawa wanaajiri wasaidizi wao wenyewe na kuwaelekeza kazi. Kutokana na kundi hilo, mwaka 1972 kilianzishwa hapo mjini kituo cha kuishi kwa kujitegemea, kikiongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Miaka mitatu baadaye Roberts aliteuliwa kuongoza idara ya utengemao ya jimbo zima, inayowasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi, idara ile ile ambayo zamani ilikuwa imemwona ana ulemavu mzito mno hata asiweze kufanya kazi.

Huyu ndiye wanayemwita baba wa vuguvugu la kuishi kwa kujitegemea: mtu ambaye hakuweza kujivalisha shati. Watu wa vuguvugu hilo walikuwa na hoja ninayoipenda sana. Anayesaidiwa kuvaa kwa dakika 15 kisha akaenda kazini anajitegemea kuliko anayehangaika kuvaa mwenyewe kwa saa mbili, akamaliza hana nguvu ya kutoka nje. Kilichowasumbua hakikuwa kusaidiwa. Kilichowasumbua ni kuamuliwa.

Umoja wa Mataifa ulipopitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2006, Ibara ya 19 ilishika mawazo hayo hayo. Inasema mtu achague anapoishi na anaoishi nao kwa usawa na wengine, asilazimishwe kuishi kwa mpangilio fulani, na apate huduma za msaada hata nyumbani kwake, pamoja na msaidizi binafsi. Soma hapo vizuri: msaidizi yumo ndani ya haki yenyewe. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kwa hiyo anayesema "anaogeshwa, basi hajitegemei" anabishana na jambo ambalo nchi yetu imeshalikubali kwa saini.

Sasa nifike kwenye tofauti inayoniumiza zaidi, ya nyumba hizi na makao ya wazee.

Makao tunayajua. Yapo ya Nunge kule Kigamboni, yapo ya Fungafunga mjini Morogoro, na mengine mikoani, yanayopokea wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Sina neno baya juu yake. Mzee asiye na mtu wala paa anastahili kupokelewa, na wanaofanya kazi humo wanabeba mzigo ambao wengi wetu tungeukimbia. Lakini makao ni mpango wa kutunzwa. Kitanda, chakula, dawa na uangalizi vinakuja pamoja, na ukikataa kimoja umekataa vyote. Katika nyumba ya kujitegemea mambo mawili yametenganishwa tangu siku ya kwanza. Kuna mkataba wa pango kati ya mpangaji na taasisi, na kuna mapatano ya huduma kati ya mpangaji na anayemsaidia, awe ndugu, jirani, mfanyakazi wa kulipwa au mtu aliyeletwa na shirika jingine. Bibi akigombana na msaidizi wake akamwondoa, chumba chake kinabaki chake, na akilazwa hospitali ya Mwananyamala mwezi mzima chumba kinamsubiri ilimradi kodi inalipwa. Taasisi isiyotenganisha mambo haya imejenga makao madogo ikayapa jina zuri.

Ukitaka kuijua nyumba ni ya aina gani, huhitaji kusoma katiba ya taasisi. Simama ukumbini uone kama watu wanabisha hodi. Msimamizi akifika mlangoni kwa mzee, anasema hodi na kungoja akaribishwe, au anasukuma mlango huku akisema "shikamoo babu, tumekuja kukagua"? Shikamoo inayotolewa ukiwa tayari umeingia chumbani haina heshima yoyote ndani yake. Fundi wa umeme naye aseme anakuja siku gani. Wageni wa kutoka Ulaya wanaoletwa kuona mradi wasiingizwe chumbani kwa mtu kupiga picha kitanda chake, eti kwa sababu wao ndio waliochangia mabati.

Ufunguo wa akiba ni jambo la kuandikwa, maana hapo ndipo nia njema inapoharibu mambo. Mzee anaweza kuanguka bafuni usiku, na lazima kuwe na njia ya kumfikia. Basi mpangaji mwenyewe aamue nani akae na ufunguo huo, na uandikwe utaratibu: simu yake ikiita bila kupokelewa, mlango ukagongwa asiitike, ndipo ufunguliwe, wakiwepo watu wawili. Kanuni za jengo nazo zipimwe kwa "usawa na wengine" wa Ibara ya 19. Geti kufungwa saa sita usiku ni kanuni ya nyumba nyingi za kupanga Dar, watu wanaishi nayo. Lakini kumkataza mpangaji wa miaka 70 asimkaribishe mjukuu wake kulala kwake, au kumtaka aage kila anapotoka kwenda Kariakoo, ni kanuni ambayo hakuna mpangaji wa kawaida angeikubali.

Jengo lenyewe nalieleza kwa ufupi, ingawa ndilo wafadhili wanalopenda kulizungumzia. Nyumba nyingi za uswahilini zina korido katikati, vyumba pande mbili, na choo cha kuchuchumaa uani, na baraza imeinuliwa kwa sababu ya maji ya mvua. Kipimo kinachotumika sana cha njia ya mteremko, yaani rampu ya kupitisha kiti mwendo, ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kimo inadai sentimita 12 za urefu, kwa hiyo baraza yenye kimo cha sentimita 45 inadai mteremko wa mita 5.4, na viwanja vya Manzese au Buguruni havina nafasi hiyo mbele. Inabidi mteremko ukunjwe kufuata ukuta. Mlango uache upenyo usiopungua sentimita 80, na kiti mwendo kinahitaji duara la sentimita 150 kugeuka. Choo cha kukaa, vishikio ukutani vilivyofungwa kwenye tofali na si kwenye plasta, swichi na luku mahali mkono wa mtu aliyekaa unapofika. Haya yote yanapunguza kiasi cha msaada anaouhitaji mtu, na ni mambo mema. Ila hayageuzi makao kuwa nyumba ya kujitegemea. Unaweza kuwa na rampu nzuri kuliko zote mjini na bado saa ya kula ikapangwa na mtu mwingine.

Kuna watu wakisikia "bila faida" wanasikia bure. Paa litavuja, pampu ya maji itaungua, mlinzi anataka mshahara, na kodi ndiyo inayolipa hayo. Marekani ina mpango ulioanza na sheria ya makazi ya mwaka 1959, ambapo taasisi zisizo za faida hujenga na kuendesha nyumba za wazee wa kipato kidogo wenye miaka 62 na kuendelea, na kwa kawaida mpangaji hulipa asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato fulani, serikali ikijazia pengo. Anayeendesha nyumba kama hizo Dar es Salaam lazima alijaze pengo hilo mwenyewe, labda kwa kupangisha fremu za maduka upande wa barabarani, labda kwa michango. Lakini mzee akilipa hata kidogo ana risiti, na mwenye risiti ana sauti bomba likikatika. Kitu kimoja ambacho taasisi inaweza kufanya bila mfadhili ni kupokea kodi ya mwezi kwa mwezi. Mwenye nyumba wa kawaida mjini hapa anataka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na mzee anayeishi kwa pensheni ya kila mwezi au kwa kidogo anachotumiwa na wanawe kwa simu hawezi kukipata kiasi hicho kamwe.

Wapo watakaosema haya si ya kwetu, kwamba mzee wa Kiafrika anakaa na wanawe. Nawaelewa, na sitaki desturi hiyo ife. Lakini tuzitazame nyumba zetu zilivyo. Yupo mama mkubwa aliyehamishiwa kwa mwanawe Mbagala, anakaa chumba cha nyuma, haulizwi anataka kula nini, simu yake inashikwa na mkwe, na akisema anataka kurudi Magomeni kwa majirani zake anaambiwa atulie hapo. Amezungukwa na watu, ila hana la kuamua. Na yupo mzee asiyeona anayeishi na mjukuu wa miaka 19, mjukuu anamsomea ujumbe wa benki na kumshika mkono kuvuka barabara hadi kituo cha mwendokasi, na mzee ndiye mwenye mkataba wa chumba na ndiye anayesema leo tunakwenda wapi. Huyo wa pili anaishi na ndugu na anajitegemea. Ibara ya 19 inazungumzia kuchagua unaoishi nao, na mtu aliyechagua familia yake amechagua.

Swali gumu ni la mtu anayeanza kusahau. Hapa ndipo taasisi nyingi huandika barua ya "hafai tena kuishi hapa". Kusahau hakumfuti mtu mapenzi yake. Anayeendesha nyumba kwa uaminifu huuliza mapema, mtu akiwa na akili zake timamu: siku ukishindwa kusema, nani akusemee? Unapenda nini kisibadilike? Kisha huduma huongezwa pale alipo kadiri inavyowezekana. Ikifika siku ambayo usalama wake unadai ahamie kwingine, ahame kwa mazungumzo naye na mtu aliyemchagua kumsemea, na taasisi iseme wazi kwamba imefika mwisho wa uwezo wake. Isiseme kwamba yeye ndiye aliyeshindwa kujitegemea.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wanaokaa kwenye kamati za kupokea maombi. Fomu nyingi zina mstari unaouliza kama mwombaji anaweza kuoga, kupika na kufua bila msaada. Uondoeni. Pale pale wekeni: unataka kusaidiwa nini, na nani, saa ngapi? Na dada anayekuja asubuhi kumwogesha bibi mumwite msaidizi wake. Kwenye daftari la kodi andikeni jina kamili la bibi, na mbele yake, mpangaji.