Kivimbe kinachoota pua ikishatengenezwa

Kivimbe kidogo kinaota kwenye mwamba wa pua, au karibu na kona ya ndani ya jicho, miezi kadhaa au hata miaka baada ya upasuaji wa kurekebisha umbo la pua. Ni laini, hakiumi, na kwa kawaida ngozi yake haibadiliki rangi. Hapa Lubumbashi nasikia ombi lilelile: «Daktari, nitobolee tu.» Sitoboi.

Pua imetandikwa kwa ndani utando unaotoa ute. Nundu ya pua inapopunguzwa kwa patasi au tupa, kipande cha utando huo, hata kama punje ya mchele, kinaweza kubaki chini ya ngozi au kubanwa katikati ya mifupa iliyokatwa. Hakifi. Kinapata damu, kinaendelea kutoa ute usio na njia ya kutokea, na mfuko unajijenga polepole. Sindano inanyonya ute na kuuacha mfuko, kwa hiyo uvimbe unarudi. Antibiotiki nazo hazina kazi pasipo na usaha.

Uvimbe wa pili chanzo chake ni vazelini. Pua ikijazwa kompresi, yaani vitambaa vya shashi, zenye mafuta hayo baada ya upasuaji, yanaweza kupenya kwenye mkato wa mfupa hadi kwenye kope la chini. Mwili hauwezi kuyayeyusha, unayazungushia nyama ngumu. Chini ya darubini nyama hiyo imejaa matundu matupu, kwa sababu dawa za maabara zimeshayaosha mafuta yenyewe.

Ekografia, yaani picha ya mawimbi ya sauti, inatenganisha maji na nyama. Lakini uvimbe ukiwa katikati kabisa, kwenye mzizi wa pua, nataka skana au picha ya sumaku kabla ya kisu: unaweza kuwa wa kuzaliwa nao, wenye njia ya kufika kwenye ubongo. Ukivimba zaidi mtu akikohoa, usiguswe.

Mfuko wa ute hutolewa mzima, mara nyingi kupitia ndani ya tundu la pua. Ukipasuka, kila kipande cha ukuta wake kitafutwe, kisha vyote vipelekwe maabara. Wa mafuta ni mgumu zaidi, maana hauna mpaka. Wengine huanza na sindano za kotizoni.

Kinga iko mezani pa upasuaji: kubandua utando kabla ya kukata mfupa, kukagua chini ya nundu iliyotolewa, kuosha kwa maji ya chumvi, kushona utando ukingo kwa ukingo, na kuiweka vazelini mbali na mifupa iliyokatwa.

Anayefanyiwa nje ya nchi asirudi bila protokoli ya upasuaji, yaani ripoti ya maandishi ya yaliyofanyika. Humo ndimo nasoma kama mfupa ulikatwa na pua ilijazwa nini.