Misimu yote, bila theluji: matairi ya gari la familia hapa Mwanza

Juzi asubuhi mwalimu mmoja aliniletea RAV4 yake hapa Nyakato, ile ya kizazi cha tatu yenye tairi la spea mgongoni. Akaniambia bila kuzunguka: "Fundi, nataka matairi ya misimu yote. Mdogo wangu yuko Canada, kaniambia ndiyo ya kufunga." Nikamjibu, "Shikamoo kwanza, mwalimu." Akacheka, akaitikia marahaba, nami nikachuchumaa kuyaangalia aliyokuja nayo. Ubavuni yameandikwa STUDLESS. Mama wa watu alikuwa anateremka Bugando kila siku na matairi ya barafu.

Kosa si lake. Magari mengi ya mitumba tunayoendesha yanatoka Japani, na kule kaskazini, Hokkaido na kwingineko, watu hubadilisha matairi baridi ikiingia. Gari likiuzwa limevaa ya baridi, linapanda meli hivyo hivyo. Kwa macho yanavutia kweli: kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, ni nene, zimechanjwa mikato midogo midogo kama sato anayesubiri kikaango. Mnunuzi anaona kashata zimejaa, anafurahi kwamba kapata gari na matairi mazima. Lakini mpira ule umepikwa ubaki laini kwenye baridi, kuanzia kama nyuzi 7 za Selsiasi kushuka chini, pale mpira wa kawaida unapoanza kukakamaa. Mwanza hatufiki huko hata usiku wa Julai. Kwenye lami ya saa saba mchana mpira huo unaisha kama kifutio cha penseli, gari linalegea kwenye kona, na barabara ikilowa unakanyaga breki gari likiendelea kuteleza mita kadhaa ambazo hukuzipangia. Kama hujui umefunga nini, tafuta hilo neno ubavuni. Mara nyingi mwishoni mwa namba za saizi utakuta pia herufi Q, maana yake tairi limepimwa kwa mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa.

Sasa turudi kwa mdogo wake wa Canada. Tairi la misimu yote ni wazo la Marekani. Mwaka 1977 kampuni ya Goodyear ilitoa tairi lililoitwa Tiempo, likiwalenga watu waliochoka kufungua na kufunga matairi mara mbili kwa mwaka: tairi moja livumilie theluji kidogo, mvua na jua. Ni maelewano, na kila maelewano yana mahali panapominywa. Herufi M+S unazoziona ubavuni ni kifupi cha Kiingereza cha matope na theluji, na kiwanda hujiandikia chenyewe kwa kuangalia umbo la kashata, bila kulipeleka tairi kwenye mtihani wowote. Iko alama nyingine, mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati, hiyo ndiyo ya tairi lililopimwa kwenye theluji kweli. Mdogo wake anaihitaji. Sisi haituongezei kitu, na mara nyingi inakuonyesha kwamba mpira umeelemea upande wa baridi. Tairi la misimu yote lenye M+S bila ule mlima silikatai. Ila mteja akinitajia misimu yote, kichwani mwangu naisoma kama vuli, masika na kiangazi, basi.

Na katika hiyo mitatu inayoua ni ile ya mvua. Mvua ya hapa haina adabu. Inashuka mlimani na mchanga na vipande vya mawe, dakika kumi mtaro umejaa, na lami ya kuelekea Igoma inageuka kijito. Mifereji mipana inayozunguka tairi kazi yake ni kuyatoa maji chini ya mpira. Yakizidi uwezo wa mifereji, tairi linapanda juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi ghafla; wakati huo huendeshi gari, umebebwa nalo. Tairi jipya la gari la namna hii lina kina cha milimita 8 hivi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vilivyosimama milimita 1.6, na kashata zikilingana navyo tairi limekufa. Wateja wengi wananiambia, "Bado halijafika kwenye vinundu, fundi." Kweli. Lakini uwezo wa kutoa maji hausubiri hapo, unashuka mapema zaidi, na mimi gari la familia nalihukumu kwenye milimita 3. Rula ya mtoto wa shule inatosha kupima.

Upepo nao umo kwenye hesabu hii, jambo ambalo wengi hawalitegemei. Watafiti wa NASA, walipokuwa wakichunguza ndege zinavyoteleza kwenye viwanja vilivyolowa miaka ya 1960, walipata kanuni ya makadirio: mwendo ambao tairi linaanza kuelea unategemea kipeuo cha pili cha upepo uliomo. Ukiipigia hesabu kwa tairi lililoisha kashata juu ya maji yaliyotuama, upepo wa 32 (PSI) unakupa kama kilomita 94 kwa saa. Upepo wa 25, yaani tairi ambalo kwa macho unaona liko sawa tu, unakupa 83. Kwa hiyo anayeacha upepo upungue kidogo ili gari liwe laini kwenye mashimo ajue masika analipia wapi.

Nikamuuliza mwalimu gari linakwenda wapi. Hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya jina la kampuni. Akasema nyumbani Buswelu, shule, sokoni, na karibu kila mwisho wa mwezi kwao, Magu, mbele ya lami. Hiyo "mbele ya lami" nikamwomba anieleze vizuri, kwa sababu mwenye kuijua mbuga ya Usukumani wakati wa masika anajua udongo wake mweusi unavyojaza kashata mpaka tairi linakuwa duara la tope. Hapo hata tairi la misimu yote lenye M+S yake halina ujanja. Tairi la matope, lile la M/T lenye meno kama ya trekta, ndilo linalojisafisha, lakini ukilifunga kwenye gari la kupeleka watoto shule utasikia muungurumo mpaka Nyegezi, mafuta yatapanda na lami iliyolowa hutaipenda. Mwalimu akaniambia mvua ikiwa nzito gari huliacha kwa shemeji yake barabarani, kisha anapanda bodaboda. Mtu mwenye akili. Basi tukaachana na M/T.

Ikabaki kuchagua kati ya H/T, tairi la barabara kuu lililotengenezwa kwa magari ya juu, na A/T, la kila ardhi. A/T lina mpira mnene na mabega magumu, linavumilia changarawe na moramu. Ni zito zaidi pia, lina kelele kiasi, na nyingi haziishiki lami yenye maji kama H/T nzuri. Kwa mtu ambaye safari nane katika kumi ni za lami, na moramu ni ya kilomita chache, mimi nampa H/T au la misimu yote la magari ya juu. Anayeishi Sengerema ndani ndani, au anayezunguka vijijini kikazi, huyo namfungia A/T bila kusita.

Mawe ndiyo yanayonifanya nisome mistari midogo ambayo wateja hawaijui. Mji wetu umekaa juu ya mwamba, na pembe za mitaro yetu ni mawe yaliyochongwa. Tairi hapa haliishi kwa kusagika tu, linachanwa ubavu. Tafuta ubavuni palipoandikwa idadi ya tabaka. Utakuta, kwa mfano, upande wa kashata una tabaka 2 za polyester, 2 za chuma na 1 ya nailoni, halafu kwenye ubavu ni polyester 2 peke yake, au hata 1. Chuma hakifiki ubavuni. Ndiyo maana pancha ya msumari tunaziba na safari inaendelea, ila ubavu ukichanika, au tairi likitoa nundu kwa sababu nyuzi za ndani zimekatika, hakuna kiraka cha kukusaidia. Nundu haizibwi. Kwa mtu wa mitaa ya milimani nachukua lenye tabaka mbili ubavuni hata kama bei imezidi.

Namba kubwa sasa, nitazipitia haraka. Lake ni 225/65R17. Upana milimita 225, urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, R ni radiali, rimu inchi 17. Baada yake inakuja, kwa mfano, 102H. Hiyo 102 ni kilo 850 kwa tairi moja, 98 ni kilo 750. H ni kilomita 210 kwa saa, T ni 190, S ni 180. Mtu ananiambia, "Fundi, mara nne 850 ni kilo 3,400, gari langu na watu wote halifiki hata tani mbili na nusu, nipe ya 98 ya bei nafuu." Hesabu yake iko sawa mezani. Barabarani uzito haugawanyiki sawa: ukiweka magunia mawili ya mpunga nyuma, ukakata kona kwa nguvu, tairi moja la nje linabeba sehemu kubwa kuliko wenzake, na uwezo wa tairi unashuka upepo ukipungua. Usishuke chini ya namba iliyotoka na gari. Kupanda ruksa. Vijana wanaotaka kulinyanyua gari kwa 245/65R17 wajue kipenyo kinaongezeka kwa takriban asilimia 3.6, kwa hiyo spidi ikisoma 100 wewe uko 103 na ushee, na ukikata usukani hadi mwisho tairi linakwaruza madigadi kwa ndani.

Matairi mengine yana pia maneno Treadwear, Traction na Temperature. Ni mfumo wa Marekani. Treadwear 400 maana yake lilitarajiwa kudumu mara nne ya tairi la kipimo lenye 100, lakini kila kiwanda kinapima chenyewe, kwa hiyo usilinganishe sana kampuni na kampuni. Mimi naangalia mawili yaliyobaki. Traction ni kushika lami iliyolowa, bora AA, kisha A. Temperature ni kuvumilia joto, na kwa safari ya Mwanza hadi Musoma jua likiwa utosini, nataka A.

Halafu tarehe. Tangu kiwanda cha General Tyre kule Arusha kisimame, matairi mengi ya dukani yamekuja kwa meli, na tairi linalosafiri na kulala ghalani linazeeka likiwa jipya. Tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Wakati mwingine zimeandikwa upande mmoja tu wa tairi, usikubali kuambiwa hazipo, geuza. Mimi lililozidi miaka miwili naomba punguzo, lililozidi minne silifungi kama jipya. Na angalia limewekwa wapi. Tairi lililopangwa nje ya duka kama pambo, linapigwa jua kuanzia asubuhi, mpira wake unakauka, na ile dawa nyeusi ya kung'arisha inaficha nyufa. Likunje ubavu kwa mikono miwili, nyufa zitajionyesha.

Mwalimu alitaka mawili kwanza, mengine mwezi ujao. RAV4 yake ni ya kuvuta magurudumu yote, nikamwomba asubiri akamilishe manne. Tairi jipya na lililoisha hayazunguki sawa, na mfumo wa kugawa nguvu unaichukulia ile tofauti kama mtelezo, unafanya kazi bila kupumzika mpaka unachemka. Kwa Subaru kanuni ni kali zaidi: mizingo ya matairi isipishane zaidi ya milimita 6 hivi, na ukirudi kwenye kina cha kashata hiyo ni tofauti ya milimita 1 tu. Kwa gari la kuvuta mbele, mawili yanakubalika, na hapo ndipo tunapogombana na wateja, maana nayafunga nyuma. Kila mtu anayataka mbele, penye usukani. Lakini mbele ikiteleza kwenye maji gari linakwenda moja kwa moja na mwendo unapungua, dereva wa kawaida anamudu. Nyuma ikiteleza gari linageuka lenyewe, na huko wachache wanajua kurudi.

Alirudi baada ya wiki mbili, na fedha kamili. Tukafunga manne, H/T, 225/65R17 102H, ya mwaka jana. Balansi, kisha alaimenti. Kijana wangu akataka kuyajaza upepo 40 kama wanavyojaza wengi, nikamfungulia mlango wa dereva nikamwonyesha kibandiko: kPa 220, ndiyo 32, ikipimwa asubuhi gari likiwa halijatembea. Mwalimu nikamwomba arudi baada ya kilomita mia moja tukaze nati, na kila kilomita elfu kumi tuyabadilishe nafasi.

"Na spea?" akauliza. "Hiyo iko sawa, haijawahi kuguswa." Nikavua kava. Kashata zote zilikuwepo, hata vile vinywele vya mpira vya kiwandani bado vimesimama. Nikafuta vumbi kwa kidole: 4107. Wiki ya 41, mwaka 2007. Mwalimu akasoma, akahesabu, akasema kimya kimya kwamba mwanae wa kwanza alikuwa hajazaliwa.