Kopo la laki mbili na sado la dagaa: dhana potofu kuhusu virutubisho vya miujiza

Katika vitongoji vya Mwanza, kuanzia Igoma hadi Buhongwa, makopo ya virutubisho yanayouzwa kwa laki moja, laki mbili na hata zaidi hunadiwa kwa watu ambao fedha hiyo ndiyo ada ya mtoto au mtaji wa genge. Wanaoyanunua si wajinga. Wengi wao wamechoka kuumwa, na wamekutana na muuzaji mwenye muda wa kuwasikiliza kuliko mhudumu wa zahanati. Ndiyo maana madai ya wauzaji hawa yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine.

Dhana: Mashine ya kompyuta huonyesha kilichopungua mwilini.

Mteja hupewa fimbo fupi ya chuma aikamate kiganjani, waya wake ukiwa umechomekwa kwenye kompyuta mpakato, na muuzaji huandika umri, jinsia, urefu na uzito wake. Dakika chache baadaye hutoka kurasa nyingi zinazotaja ini, kongosho, mifupa, zinki na "sumu", na dawa ya kila tatizo huwa iko tayari mezani. Fimbo inayogusa ngozi ya kiganja haina njia ya kujua kiasi cha zinki kilichomo katika damu wala hali ya ini. Wingi wa damu na sukari hupimwa kwa tone la damu, kazi ya figo kwa kipimo cha kreatinini maabara, na kichocho kwa kuangalia choo au mkojo kwa hadubini.

Dhana: Ukichoka na kuishiwa damu, tumia kiongeza damu cha bei kubwa.

Hapa ndipo watu wa Kanda ya Ziwa wanapoumizwa zaidi. Upungufu wa damu si ugonjwa mmoja, na kando ya Ziwa Victoria chanzo chake mara nyingi si ukosefu wa virutubisho peke yake. Mvuvi, mama anayefua ziwani na mtoto anayeoga ufukweni wanaweza kuwa na kichocho cha tumbo, ambacho vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi. Malaria huharibu chembe za damu, na minyoo ya safura hunyonya damu utumboni kimyakimya kwa miezi. Hakuna kopo linaloziba matundu hayo. Kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli, kwa kawaida dozi moja inayokadiriwa kwa uzito wa mgonjwa, miligramu 40 kwa kila kilo, na minyoo kwa albendazole; zote mbili ni dawa za bei ndogo ambazo wanafunzi hupewa shuleni bila malipo katika kampeni za umezaji. Ni kweli kwamba prazikwanteli haimzuii mtu kuambukizwa tena akirudi majini, lakini mtu anayetumia miezi kadhaa akisubiri kopo limponye humwachia mdudu nafasi ya kuharibu ini, na wapo wanaofika hospitali wakiwa tayari wanatapika damu.

Seli mundu, ugonjwa wa kurithi unaoharibu chembe nyekundu za damu, nayo ni nyingi katika mikoa hii kuliko sehemu nyingi za nchi. Mtoto mwenye ugonjwa huo anahitaji asidi ya foliki, kinga dhidi ya malaria na maambukizi mengine, na kwa wengi dawa ya hidroksiurea chini ya uangalizi wa daktari. Kumpa dawa yoyote yenye madini ya chuma bila kipimo ni hatari, kwa kuwa aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi huenda tayari ana chuma kilichozidi mwilini. Inauma kuona mzazi akiuza mbuzi ili amnunulie mwanawe kitu ambacho kinaweza kumdhuru.

Kwa yule ambaye kweli amepungukiwa madini ya chuma, vidonge vya kawaida vya dukani ni nafuu na vinafanya kazi. Chakula nacho husaidia: dagaa au maini, matembele, na limau lililokamuliwa juu yake, kwa sababu vitamini C hurahisisha ufyonzaji wa chuma kinachotoka kwenye mboga na nafaka. Chai ya rangi huzuia ufyonzaji huo, kwa hiyo ni vema ikanywewa saa moja au mbili baada ya mlo, si pamoja na ugali.

Dhana: Ni kitu cha asili, hakiwezi kudhuru, na kikizidi hutoka chenyewe.

Mwili huhifadhi vitamini A, na kiasi kikubwa kutoka kwenye vidonge kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwaka 1994 utafiti uliofanyika Finland kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 ulionyesha kwamba waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa, kinyume kabisa na ilivyotarajiwa. Kuhusu bidhaa za "nguvu za kiume", wakaguzi wa nchi mbalimbali wamekuta mara kwa mara sildenafili, dawa ya hospitali ya kutibu upungufu wa nguvu za kiume, iliyochanganywa humo bila kuandikwa kwenye lebo; mzee anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti shinikizo lake la damu linaweza kushuka ghafla hadi akapoteza maisha.

Dhana: Kimethibitishwa Marekani.

Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, virutubisho havihitaji kuthibitishwa na mamlaka ya dawa kabla ya kuuzwa. Hapa nyumbani, leseni ya biashara na namba ya mlipakodi havisemi lolote kuhusu uponyaji.

Dhana: Lishe ya kweli imo katika vidonge vya mafuta ya samaki, kalsiamu na vitamini C.

Majaribio makubwa yaliyokusanywa pamoja yameonyesha kwamba vidonge vya mafuta ya samaki huwapunguzia watu kwa jumla vifo vya moyo kwa kiasi kidogo sana, au havipunguzi kabisa. Anayeishi hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba ana samaki wenyewe. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake ndiyo kalsiamu. Akishakaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Ningeshauri kununua waliokaushwa kwenye vichanja hata kama bei imepanda kidogo, kwani walioanikwa chini huja na mchanga. Pera moja linatosha kumpa mtu mzima vitamini C ya siku nzima. Viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa vina vitamini A kwa wingi, tofauti na viazi vyeupe, ingawa sehemu yake hupotea vikianikwa juani kuwa michembe.

Dhana: Unga wa mlonge unazidi maziwa na machungwa mara nyingi.

Hesabu hiyo hulinganisha gramu 100 za unga mkavu na gramu 100 za chakula kibichi chenye maji. Hakuna anayekula gramu 100 za unga wa mlonge, na vitamini C nyingi hupotea majani yanapokaushwa. Majani mabichi ni mboga nzuri; yachumwe mtini na kupikwa.

Dhana: Basi vidonge vyote ni utapeli.

Hapana. Asidi ya foliki huzuia visa vingi vya mgongo wazi kwa watoto wachanga, na mama mjamzito anahitaji pia madini ya chuma. Katika vituo vya serikali, sera inataka huduma za wajawazito zitolewe bila malipo. Tatizo ni muda. Mfereji unaojenga ubongo na uti wa mgongo hufunga kufikia takribani siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wengi bado hawajajijua. Kwa hiyo mwanamke anayepanga kupata mtoto aanze kumeza mikrogramu 400 kila siku kabla ya kushika mimba, bila kusubiri kadi ya kliniki, na vidonge hivyo avitafute famasi, ambako ni vya bei ndogo.