Guerrero hakuwahi kuwa mtumwa

Wiki hii nimeletewa tena picha ya Vicente Guerrero na maneno chini yake: mtumwa aliyejikomboa, akawa rais wa Mexico, akawakomboa wenzake. Safari hii aliyeileta ni mwalimu mwenzangu wa historia. Hapo uvumilivu ukaniishia.

Guerrero alizaliwa huru, mwaka 1782, Tixtla, kwenye milima ya kusini. Kwao walikuwa wasafirishaji, watu wa kuvusha mizigo milimani kwa misafara ya baghala. Asili yake ni ya Afrika, ya wenyeji wa nchi na ya Hispania. Na hiyo picha yenyewe ilichorwa 1850, yeye akiwa kaburini karibu miaka 20, kwa hiyo msiniletee rangi ya uso ule kama ushahidi.

"Sasa tofauti iko wapi?" huniuliza. Ndugu zangu, tofauti ndiyo habari yenyewe! Mwishoni mwa utawala wa Hispania, weusi na machotara huru wa Mexico waliwazidi watumwa kwa mbali. Walikuwa mafundi, wachunga ng'ombe, askari. Minyororo hawakuwa nayo; walichonyimwa ni uraia. Katiba ya Cádiz ya 1812, katiba ya Hispania na makoloni yake, ile tunayoisifu darasani kwa uhuru wake, iliwapokea wenyeji wa asili kuwa raia, ila mwenye chembe ya damu ya Afrika akaachwa mlangoni, mpaka aombe na athibitishe sifa zake. Mtu huru kabisa, anakosa haki kwa sababu ya bibi yake! Jemadari wa Guerrero katika vita vya kudai uhuru kutoka Hispania, Morelos, alidai mwaka 1813 utumwa na ubaguzi wa matabaka vifutwe vyote viwili. Morelos alipopigwa risasi 1815, Guerrero alibaki milimani akipigana. Ukisema alikuwa mtumwa, umefuta nusu ya madai yale.

Februari 1821 akaungana na Iturbide, kamanda wa jeshi la mfalme aliyegeuka, kwa Mpango wa Iguala, tamko la uhuru wa Mexico. Kifungu cha 12 kilitamka kwamba wakazi wote ni raia wanaoweza kupata kazi yoyote, kipimo kikiwa sifa na maadili tu. Mkono wa Guerrero ulihusika kiasi gani hapo? Hatujakubaliana. Hata kule kukumbatiana kwao Acatempan, ambako vitabu vinakusimulia kama jambo lililopigwa picha, wapo wanahistoria wasioamini kwamba kulitokea.

Urais aliuingia Aprili 1829, na si kwa kushinda: mabaraza ya majimbo yalimpa kura nyingi zaidi mpinzani wake, Gómez Pedraza, yakafuata maasi, Bunge likabatilisha matokeo. Tarehe 15 Septemba alifuta utumwa kwa mamlaka ya dharura aliyopewa Wahispania walipovamia Tampico. Amri hiyo iliwauma hasa walowezi wa Kimarekani huko Texas, wakati huo sehemu ya Mexico, na tarehe 2 Desemba akawaondolea. Alisalimu amri, au alitafuta muda? Nimebadili mawazo mara mbili, na bado sijatulia. Siku mbili baadaye jeshi la Jalapa likamwasi.

Alipopinduliwa, Bunge halikumtia hatiani kwa kosa lolote. Lilitamka tu kwamba hawezi kutawala, yeye, raia wa kifungu cha 12. Januari 1831 nahodha Picaluga alimwalika chakula melini Acapulco, akamuuza kwa serikali iliyompindua kwa peso 50,000. Wakampiga risasi Cuilapan, 14 Februari.